Nyasi za Wageni

Ng'ombe ukimpiga mgongoni hasikii. Mpige kwenye mzizi wa pembe, au puani kabisa, hapo atageuka. Hicho ndicho nilichokuwa nakijua kuhusu uhifadhi wa nyasi, na ndicho nilicholipwa.

Kiwanja kilikuwa nyuma ya kituo, kimezungushiwa waya wa miba. Nje ya waya ardhi kipara, vumbi na mawe. Ndani nyasi mpaka magotini. Mimi na mwenzangu Debe, tuliyemwita hivyo kwa sababu hanyamazi, kazi yetu ilikuwa kuzunguka na virungu na kuhakikisha vya nje vinabaki nje. Nimepiga ng'ombe, nimepiga mbuzi, nimepiga wachungaji. Mmoja nilimvunja kidole. Yeye alinipasua juu ya jicho kwa jiwe, kwa hiyo hatudaiani.

Kila baada ya miaka miwili kulikuwa na mkutano. Wataalamu wa nyasi wanatoka huko na huko, wanajaa ukumbini, wanaziongelea nyasi mpaka koo zinakauka, halafu ndipo wanatolewa nje kuziona. Bango ni lilelile kila mara, la kitambaa. Wanabandika tu namba mpya juu ya namba ya zamani, mpaka pale penye namba pamevimba kama kidonda kilichofungwa bandeji.

Mkuu wa kituo tulimwita Kipimo. Hatembei bila fremu yake, mraba wa chuma, kila upande urefu wa mkono. Unaitupa kwenye nyasi, unahesabu aina zilizoingia ndani yake. Siku ya ufunguzi mgeni rasmi anapewa fremu, anazipa nyasi kisogo, anairusha nyuma bila kuangalia. Inapoangukia, watu wazima na suti zao wanachuchumaa kuhesabu. Eti hakuna aliyechagua mahali. Ikiangukia pazuri wanapiga makofi kama goli limeingia. Kipimo anasimama kando, mikono nyuma, na kila mkutano anasema maneno yaleyale: "Hatukumwagilia maji. Hatukuweka mbolea. Tuliweka waya tu."

Mwaka ule mvua iligoma. Nje ya waya hata miiba ilikauka. Ndani nako nyasi zikaanza kuwa rangi ya karatasi ya kufungia nyama. Kipimo akawa hali chakula, anazunguka kiwanja anang'oa jani moja moja, ananusa, anatupa. Mkutano ulipokaribia akaja na magunia kwenye gari lake mwenyewe, kayafunika turubai. Mbolea ya urea, ile nyeupe ya punje punje kama chumvi. Akatuita mimi na Debe wakati wenzetu wamekwenda kula.

"Hapa mbele tu," akasema. "Fremu haifiki mbali. Wenye vyeo hawana mikono."

Tukamwaga, tukamwagilia maji ya tangi, na baada ya siku chache ile sehemu ikawa kijani mpaka inatia aibu. Sasa Kipimo akanogewa. Siku moja kabla ya ufunguzi akaleta mengine.

"Mkuu, maji hakuna," nikamwambia. "Tangi limeachiwa vyoo vya ukumbini."

"Mwageni hivyohivyo. Umande utayeyusha."

Umande gani? Mwaka ule hata jasho lilikuwa la kutafuta. Lakini tukamwaga. Tulikuwa bado na gunia zima mkononi tulipoona gari la wageni linaingia getini, kwa hiyo tukalibwaga lote sehemu moja, tukavuruga nyasi juu yake kwa miguu, tukasimama kama watu wanaopiga soga.

"Ng'ombe akilamba hii hafiki mbali," Debe akasema. "Nilishaona kwa mjomba wangu. Dume zima, kama limepigwa na umeme."

Kipimo alikuwa nyuma yetu. "Mmemwaga nini hapa?"

"Urea, mkuu," Debe akajibu.

Kipimo akamzaba kibao mpaka kofia ikaruka. "Nimeuliza mmemwaga nini?"

"Hatujamwaga kitu, mkuu."

Akanigeukia mimi.

"Hakuna kitu," nikasema.

"Safi. Neno likitoka nje ya waya, na nyinyi mtatoka nalo."

Jioni ile nilikwenda kwa kaka yangu. Alikuwa anakaa ng'ambo ya barabara, ukisimama kwenye waya unaliona bati lake. Kaka wa tumbo moja. Baba alipofariki ndiye aliyenilea, kwa chakula na kwa mkanda. Ng'ombe wake waliobaki walikuwa ngozi na mbavu. Mkubwa wao alikuwa jike jekundu aliyemwita Bibi Harusi, kwa kuwa alitembea polepole kama anapigwa picha.

"Afande wa majani huyo," kaka akasema aliponiona. "Leo umempiga nani?"

"Bado sijapiga mtu. Nimekuja kuanza na wewe."

Shemeji akacheka kule ndani. Alikuwa amepata kibarua cha kuosha vyombo jikoni kwa ajili ya mkutano, anafurahi. Akatoka na ndoo. "Shem, kaa basi. Umesimama kama nguzo ya simu."

"Sikai. Kaka, kesho ng'ombe wako wasisogelee waya."

"Kesho kuna nini?"

"Mkutano."

"Mkutano naujua, nimeanza kuuona wewe una kamasi. Nauliza kesho kuna nini?"

Hapo ningesema. Neno moja tu. Lakini shemeji alikuwa amesimama pale na ndoo yake, na shemeji nampenda, ila habari ukimpa yeye ni kama umeipa redio. Na kesho angekuwa jikoni kwa wageni.

"Wasisogelee tu," nikasema. "Nikiwakuta nitakupasua."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nani? Wewe? Ngumi zenyewe nilikufundisha mimi, na ulikuwa unalia."

"Sitanii, kaka."

"Hebu niambie, dogo. Hizo nyasi mkishamaliza kuzihesabu mnazila?"

"Nitakupasua, nimeshasema."

"Haya. Wahi ukalale na majani yako, yasije yakaogopa giza."

Sisi ndivyo tulivyokuwa tunaongea. Kwetu mtu hakwambii jihadhari, anakwambia nitakupiga. Kwa hiyo kaka alisikia kile alichozoea kusikia, na mimi niliondoka nikijidanganya kwamba nimeshamwambia.

Na nilijua atakuja. Siku ya ufunguzi walinzi wote tunahamishiwa ukumbini kusimama milangoni na kuonekana wasafi. Asubuhi nzima kiwanja hakina mtu, mpaka wageni watoke kurusha fremu. Wachungaji wote wa upande ule wanaijua hiyo nafasi. Unakata waya, unaingiza ng'ombe wako, unawatoa hotuba zikiwa bado zinaendelea. Nilimwomba Kipimo tumwache Debe kule.

"Debe ana shati jipya," Kipimo akasema. "Nataka lionekane."

Asubuhi ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe, feni zinalia, maji ya chupa kila meza. Mgeni rasmi alikuja na polisi wawili wenye bunduki. Mmoja mtu mzima, amechoka, anatafuta kiti. Mwingine kijana kama mimi, kidole kwenye kifyatulio muda wote, anaangalia watu kama anachagua. Nilisimama mlango wa nyuma. Hotuba ikaisha, nyingine ikaanza. Debe alikuwa ametumwa kiwanjani kufunga turubai la kivuli.

Alirudi anakimbia. Akanishika shati. Debe hana neno hata moja mdomoni, na hapo nikajua.

"Ng'ombe wa kaka yako," akasema.

Tulikimbia. Waya ulikuwa umekatwa upande wa barabara, ncha zimekunjwa vizuri, kazi ya mtu asiye na haraka. Bibi Harusi alikuwa amelala ubavu pale tulipolibwaga lile gunia. Tumbo limevimba ngoma, miguu ya juu imenyooka hewani, povu jeupe linamtoka puani na mdomoni. Ndama wake amelala karibu, ameshamaliza. Wengine wawili wanapiga mateke ardhini kama wanakimbia, nao wamelala. Mmoja alikuwa bado amesimama, dume dogo. Anatetemeka ngozi nzima, anazunguka, anajigonga kwenye nguzo ya waya, anarudi, anajigonga tena. Pembe moja imeng'oka, inaning'inia, damu inamwingia jichoni. Kila akijigonga nguzo inalia.

"Kaka yuko wapi?"

"Sijamwona. Labda amekwenda kuwatekea maji."

Kipimo alitokea na fremu yake mkononi. Alikuja kukagua kabla ya wageni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimwangalia Bibi Harusi, akampiga teke la tumbo, likatoa sauti ya ngoma.

"Wanatoka sasa hivi," akasema. "Trekta."

Dereva wa trekta alikuja, akaona, akashuka. "Mkuu, huyu mwekundu anapumua."

"Na wewe unapumua. Unataka kuendelea?"

Dereva akapanda tena. Kipimo akanitupia mnyororo. Debe alikuwa anatapika kwenye nguzo. Nilimfunga Bibi Harusi shingoni, maana miguuni mnyororo ungeteleza. Alikuwa wa moto. Dereva akavuta. Shingo ilikwenda kwanza, mwili ukachelewa, kitu ndani kikalia kama tawi bichi, halafu mzigo wote ukaanza kusogea, unalaza nyasi njia nzima. Tulimpeleka nyuma ya banda la jenereta, mahali wageni hawafiki. Tukarudi. Tukafunga mwingine. Tukarudi.

Lile dume dogo lilikuwa bado linajigonga.

"Malizana nalo," Kipimo akaniambia. "Kimya kimya."

Mzizi wa pembe. Nilipiga hapo. Likapiga magoti. Nikapiga tena na tena mpaka rungu likawa linateleza mkononi, nikalishika kwa mikono miwili, nikapiga mpaka likaacha kunyanyua kichwa. Kutoka ukumbini nilisikia watu wakicheka. Nadhani mtoa hotuba alikuwa mcheshi.

Kipimo na Debe wakaanza kuokota kinyesi na kufukia damu. Mimi nilikuwa nyuma ya banda, nafungua mnyororo shingoni mwa dume, kaka alipotokea. Ana dumu la maji kila mkono, panga la kukatia matawi liko kiunoni kama kawaida yake. Alikuwa amefuata ile njia ya nyasi zilizolala. Aliwaangalia mmoja mmoja. Walikuwa wamerundikana kama magunia.

"Nani kawafunga mnyororo?" akauliza.

"Mimi."

Akayaweka madumu chini taratibu, hata maji hayakumwagika. Hapo nikaogopa.

"Wamekula nini?"

"Urea. Tulimwaga kwa ajili ya wageni."

"Lini?"

"Jana."

"Jana," akasema. "Na jana ulikuja kwangu."

"Nilikwambia usilete."

"Uliniambia utanipasua!" Sauti ikampasuka. "Kila siku unaniambia utanipasua! Ungeniambia sumu! Mdomo huna?"

Alinipiga kichwa cha pua. Niliona nyeupe, nikaenda chini juu ya Bibi Harusi, na tumbo lake likapumua chini yangu. Akanikalia kifuani. Ananipiga ngumi, kulia, kushoto, kulia, ngumi zilezile alizonifundisha, na kila ngumi ana neno. "Ndama. Wangu. Na mama. Yake." Sikuzuia. Damu ilinijaa kooni nikawa nakohoa.

"Nani kawatuma?"

Sikujibu. Lakini macho ni majinga. Yalikwenda upande wa kiwanja, na upande ule Kipimo alikuwa ameshafuta mikono, amesimama chini ya turubai, na wageni walikuwa wanatoka ukumbini kwa mstari, wamevaa kofia za jua walizogawiwa. Mgeni rasmi mbele. Polisi huku na huku.

Kaka alinyanyuka. Akachomoa panga. Hakukimbia mwanzoni, alitembea kama mtu anayekwenda kuuliza njia.

"Kaka!"

Nilinyanyuka, nikaanguka, nikanyanyuka. Rungu lilikuwa karibu na mguu wangu, nikaliokota bila kufikiri, mkono umezoea. Nilikuwa naona kwa jicho moja. Mbele kule Kipimo anaanza yale maneno yake.

"Hatukumwagilia maji," anasema. "Hatukuweka..."

Kaka akakimbia.

Mama mmoja mwenye kofia akapiga ukelele. Kipimo aligeuka, akaona panga liko juu, akanyanyua fremu kwa mikono miwili. Panga likagonga chuma, likalia, cheche zikaruka. Kaka akavuta, akapiga tena. Safari hii panga lilipita katikati ya mraba, likamshusha Kipimo sikio na kipande cha bega. Kipimo alilia kama mbuzi. Fremu ikaanguka, naye akaanguka juu yake.

"Sumu!" kaka anapiga kelele. "Mmeniulia ng'ombe kwa sumu!"

Watu walikuwa wanakanyagana. Mgeni rasmi alishavutwa na yule polisi mtu mzima, kiatu kimoja kimebaki kwenye nyasi. Yule polisi kijana alikuwa na bunduki begani tayari, lakini mbele yake kulikuwa na makoti na kofia tupu, anasogea kulia, anasogea kushoto.

"Laleni!" akapiga kelele. "Laleni chini wote!"

Wakalala. Wote, kwa mara moja, kama nyasi. Katikati akabaki amesimama mtu mmoja tu, kaka yangu, mgongo wazi, na panga linapanda mara ya tatu.

Nilikuwa karibu. Niliona mtutu ukitulia. Ukiona mtutu unahangaika, bado una muda. Ukitulia, basi. Sikuwa na pumzi ya kumwita, na hata ningemwita asingesikia, alishakuwa mbogo. Kumvamia nisingefika. Kilichofika ni rungu.

Nilimpiga kaka kati ya kiwiko na kiganja, kwa nguvu zote nilizobakiza. Mfupa ulilia, na mkono ukakunjika mahali ambapo mkono haukunjiki. Panga likaruka. Kaka akageuka, akaniona ni mimi. Hakupiga kelele. Alifungua mdomo tu, kama mtu aliyeitwa jina lake gizani.

Nikamrukia. Tulianguka pamoja, nikamlalia juu, nikajitandaza kadiri nilivyoweza. Miguu yangu juu ya miguu yake, kichwa changu juu ya kichwa chake. Polisi kijana akafika anapiga mateke. Anapiga anachokiona, na alichokuwa anakiona ni mimi. Mbavu, mgongo, mbavu. Halafu kitako cha bunduki kikanipata begani, mkono mzima ukafa ganzi.

"Inuka! Nimemkamata! Inuka!"

"Usipige risasi," nikawa nasema. "Hana kitu. Mkono umevunjika. Hana kitu."

"Inuka!"

"Apa kwanza! Apa hupigi!"

Hakuapa. Lakini yule mtu mzima akarudi na pingu, akamsukuma mwenzake. "Acha, acha. Huyu ni mlinzi, ameshamdhibiti."

Halafu nikasikia makofi. Mtu mmoja, nyuma ya meza. Akafuata mwingine. Wageni walikuwa wananyanyuka wanajikung'uta, na wanapiga makofi, wengine wanalia na wanapiga makofi. Mtu akasema kwenye kipaza sauti, "Tumshukuru sana kijana wetu kwa ushujaa." Walidhani nimemkamata. Nilikuwa nimemfunika.

Shemeji alitoka jikoni anakimbia, mikono imejaa povu la sabuni, sufuria bado ameishika. Aliuona ule mkono umelala vibaya kwenye nyasi. Akaliona rungu.

"Wewe?" akaniambia. "Wewe, shem?"

Akanipiga na sufuria ya kichwa. Hakuna aliyemzuia. Akanipiga nyingine. Ya tatu sufuria ikamponyoka, akakaa chini, akaanza kumfuta kaka vumbi usoni kwa mikono yenye sabuni, anamwingiza sabuni machoni bila kujua.

Nilimwambia yule polisi mtu mzima habari za urea. Nilimwonyesha pale tulipolibwaga gunia, punje nyeupe bado zimetapakaa chini ya majani, na nikamwambia nani alileta magunia na nani alimwaga. Kipimo alikuwa amekalishwa kwenye kiti, kitambaa cha meza kimefungwa kichwani kimeshakuwa chekundu.

"Kijana amechanganyikiwa," akasema. "Ni ndugu yake huyo."

"Ni ndugu yako?" polisi akaniuliza.

"Kaka yangu."

Alinitazama, akatazama rungu, akatazama mkono wa kaka. "Mko hivi nyinyi?" akasema. Kisha akachota zile punje kiganjani, akazitia kwenye mfuko wa shati. Sijui alizipeleka wapi. Debe aliitwa aseme, akasema. Debe kusema hawezi kukosa. Alisema mpaka na kile kibao.

Wageni walirudishwa ukumbini, wakapewa chai. Nilivua shati la ulinzi palepale nikaliacha kwenye waya.

Hospitali walimlaza kaka kitanda cha mwisho, karibu na dirisha lenye vyuma. Mkono wa kulia uko kwenye plasta mpaka begani. Wa kushoto umefungwa pingu kwenye kitanda. Daktari alisema mfupa ulivunjika vipande, kukamua ng'ombe asahau. Shemeji akasema ng'ombe wenyewe wako wapi. Polisi wa mlangoni, siyo wale, aliniruhusu niingie baada ya kuniangalia uso na kucheka. "Wewe ndiye mgonjwa au mgeni?"

Shemeji aliponiona alinyanyuka akaenda kusimama dirishani, mgongo kwangu.

Kaka alikuwa macho. Midomo imekauka. Nilisimama miguuni pa kitanda, sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Kipimo hajafa," nikasema. "Sikio ndiyo limekwenda. Na polisi wamemhoji kuhusu mbolea. Mimi pia watanishtaki, labda. Nimesema nilimwaga."

Akageuza uso.

"Yule polisi alikuwa anakupiga risasi, kaka. Mtutu ulishatulia. Nilimwona."

"Ungemwacha," akasema.

"Hapana."

"Nakwambia ungemwacha. Nimebaki na nini? Ng'ombe umenivutia kwa trekta, mkono umenivunja, kesho nakwenda jela. Ungeacha wamalize."

"Hapana. Nipige ukitaka, lakini hapana."

"Nikupige na nini?" Akatikisa pingu, kitanda kizima kikalia. Mgonjwa wa jirani akafunika uso kwa shuka. "Na nini, mpumbavu wewe?"

Pua yangu ilikuwa imefungwa bandeji, napumua kwa mdomo kama mbwa.

Akatulia.

"Sogea," akasema.

Nikasogea.

"Inama. Kuna kitu nataka kukwambia."

Nikainama mpaka nikasikia pumzi yake. Akaniuma. Alinishika shavu kwa meno, hapa chini ya jicho, akakaza. Nilisikia ngozi ikipasuka, nikasikia damu inashuka shingoni. Alikuwa ananguruma kooni, kifua kinapanda na kushuka, shuka inamtoka, miguu inasukuma kitanda. Polisi akaja mbio kutoka mlangoni, "Wewe! Wewe! Muachie mwenzio!", akamshika kaka nywele anamvuta.

"Mwache," shemeji akasema kule dirishani. Alikuwa amegeuka. "Mwache, afande. Tangu jana hajafanya kitu. Hata maji hajanywa. Mwache ale."

Nami nikashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, nikabaki nimeinama.